Kisima Namba 5 cha Walkerton na shamba la jirani

Kisima chenyewe kilikuwa kifupi. Kilichimbwa mwaka 1978, mita 15 kwenda chini, na kesingi yake, yaani lile bomba la chuma linalozuia maji ya juu yasijipenyeze kisimani, ilishuka mita 5 ikaishia hapo. Kuanzia hapo ni mwamba mtupu. Maji yote yaliingilia kati ya mita 5 na mita 8. Udongo uliofunika mwamba ulikuwa haba, na mwamba ulijaa nyufa. Karibu yake kulikuwa na shamba la ng'ombe.

Mji ni Walkerton, jimbo la Ontario, Kanada, uliokuwa na watu wapatao 4,800. Mwishoni mwa Aprili 2000 samadi ilitandazwa kwenye shamba hilo, kazi ya kawaida ya majira hayo. Kuanzia tarehe 8 hadi 12 Mei ikanyesha mvua ya milimita 134, na milimita 70 kati ya hizo zilishuka tarehe 12 peke yake. Maji yakaiosha samadi, yakapita kwenye ule udongo haba, yakaingia kwenye nyufa, yakafika kisimani. Yalibeba bakteria wa aina mbili ambao ng'ombe hukaa nao tumboni bila kuugua: Escherichia coli O157:H7 na Campylobacter jejuni. Watu zaidi ya 2,300 waliugua, wengine wakiharisha damu. Watu 27 walipata ugonjwa unaoshambulia damu na figo, na karibu nusu yao walikuwa watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 4. Walikufa watu 7.

Kisa hiki kimeandikwa sana, na karibu kila anayekisimulia hukifanya kisa cha ndugu wawili: meneja wa maji wa mji na mdogo wake aliyekuwa msimamizi wa kazi. Ni kweli walikosa, tena vibaya. Walitakiwa kupima kila siku klorini iliyobaki kwenye maji baada ya kutiwa dawa. Badala yake walijaza daftari kwa kubuni, na namba zilikuwa zilezile karibu siku zote: 0.5 au 0.75. Walitia klorini kidogo kuliko inavyotakiwa kwa sababu wateja walilalamikia ladha yake, na kwa sababu wao wenyewe waliyaamini maji ya visima vyao hata wakayanywa mabichi. Majibu ya maabara yalipofika tarehe 17 Mei yakionyesha uchafu, meneja aliyaficha, na watu wa afya walipopiga simu kuuliza akawaambia maji hayana neno. Tangazo la kuchemsha maji lilitolewa tarehe 21 Mei, na halikutolewa na yeye. Lilitolewa na ofisi ya afya iliyochoka kusubiri.

Ndugu hao walikuja kuhukumiwa, na sina la kuwatetea. Lakini ukiishia kwao, unabaki na fundisho moja tu, kwamba mafundi wasiwe wazembe, na hilo halihitaji uchambuzi. Mimi kinachonirudisha kwenye kisa hiki kila mara ni karatasi ya mwaka 1978. Kabla ya kisima kuanza kazi, kabla ndugu hao hawajawa na madaraka yoyote ya kuharibu, kuna mtu aliyeandika kwamba ardhi inayozunguka kisima hiki inapaswa kudhibitiwa. Ushauri huo ulikaa miaka 22 bila mtu kuutekeleza.

Kilichojulikana tangu mwanzo

Kisima cha mji hakichimbwi kwa kubahatisha. Mtaalamu wa maji ya ardhini hupewa kazi, hupima, husukuma maji kwa pampu kwa saa nyingi mfululizo na kuangalia kinachotokea. Kwenye Kisima Namba 5 yalitokea mambo mawili ambayo kila moja peke yake lingetosha kumwamsha mtu usingizini.

La kwanza, sampuli za maji zilizochukuliwa wakati wa kupima zilionyesha bakteria wa kinyesi. Maji yaliyokaa chini ya ardhi kwa muda mrefu hayana kinyesi. Bakteria hao hawazaliwi mwambani, hutoka juu, na wakifika kisimani wakiwa hai maana yake njia ni fupi na safari ni ya haraka. La pili, karibu na hapo palikuwa na chemchemi, na pampu ilipofanya kazi, chemchemi zikapungua. Kisima na chemchemi vilikuwa vinakunywa kwenye bakuli moja. Na chemchemi ni mahali maji ya chini yanapotokea juu; njia ya kutokea ikiwapo, ya kuingilia nayo haiko mbali.

Mtaalamu aliliona hilo. Katika taarifa yake akashauri mji ufikirie kuweka eneo la kinga kuzunguka kisima, kwa kujipatia ardhi ya upande wa kusini na magharibi. Alitaja pande. Hilo ni jambo dogo lenye uzito mkubwa, na nitalirudia hapo mbele.

Wizara ya Mazingira ya jimbo ilikiidhinisha kisima. Kibali hakikubeba sharti lolote la wazi, si la vifaa vya kupima klorini mfululizo, si la ardhi. Mji haukununua ardhi. Shamba likabaki shamba, kisima kikawa kisima, na kila kimoja kikawa na faili lake kwenye ofisi yake. Miaka iliyofuata sampuli ziliendelea kuonyesha bakteria mara kwa mara. Mwaka 1994 jimbo lilibadili mwongozo wake: kisima kinachoathiriwa moja kwa moja na maji ya juu ya ardhi kiwe na kifaa cha kupima, bila kukatika, klorini na ukungu wa maji, yaani jinsi yalivyotibuka kwa chembechembe. Vizuri sana, kwa visima vipya. Hakuna aliyetumwa kupita kwenye vile vya zamani kuuliza ni vipi vinaingia kwenye kundi hilo. Wakaguzi walifika Walkerton mwaka 1991, 1995 na 1998, na taarifa ya mwaka 1978 ilikuwa kabatini muda wote huo.

Kwa nini ardhi ndiyo bomba la kwanza

Kwa asiyeishi na mambo haya, hapa pana haja ya kueleza kidogo.

Tumezoea kudhani maji ya ardhini yako kwenye ziwa lililofunikwa, na kwamba udongo ni chujio. Mara nyingi udongo ni chujio kweli. Tone la mvua likianguka kwenye mchanga mzito, hushuka taratibu, pengine sentimita chache kwa siku, likipenya kati ya chembe na chembe. Bakteria hunaswa njiani, hufa njaa, huliwa na wadudu wengine. Baada ya miezi kadhaa hakuna hata mmoja. Ndiyo maana katika kulinda maji ya ardhini, wakati una maana kuliko umbali: swali si kisima kiko mita ngapi kutoka zizini, swali ni tone linalotoka zizini litachukua siku ngapi kufika.

Mwamba wenye nyufa huivuruga hesabu hiyo yote. Ndani ya ufa maji hayapenyi, yanakimbia. Safari inayochukua miezi mchangani inaweza kuwa ya siku chache, hata saa, na hakuna cha kuwachuja bakteria humo. Na kama juu ya mwamba kuna udongo mwembamba, uliotobolewa na mizizi na mashimo ya wanyama, chujio lote limekwisha kabla halijaanza. Hapo mvua kubwa inakuwa pampu ya pili, nayo inasukuma kuelekea chini.

Ukiitazama hivyo, shamba lile halikuwa jirani wa mfumo wa maji wa Walkerton. Lilikuwa sehemu yake, kama vile tangi na bomba. Tofauti ni kwamba tangi lilikuwa na msimamizi, bomba lilikuwa na fundi, na shamba lilikuwa na mwenyewe ambaye hakuna aliyewahi kumwambia kuwa ameshika mwanzo wa bomba.

Mwenyewe huyo, kwa taarifa ya tume iliyochunguza maafa haya, iliyoongozwa na Jaji Dennis O'Connor, hakukosea. Jaji alilisema bila kuzunguka: mkulima alifuata kanuni bora za kazi yake na hapaswi kulaumiwa. Vipimo vya vinasaba vililinganisha bakteria waliopatikana kwenye ng'ombe na samadi ya shamba na wale waliopatikana kwa wagonjwa, vikakubaliana. Kwa hiyo chanzo kimejulikana, na mwenye chanzo hana hatia. Watu wengi sentensi hiyo huwakwama kooni. Mimi naiona ndiyo kiini cha kisa: kama madhara yanaweza kutokea huku kila mwenye ardhi akifuata kanuni, basi kasoro iko kwenye kanuni.

Nani angemwambia mkulima?

Tujaribu kugonga milango, mmoja baada ya mwingine, tukiwa mwaka 1999.

Mlango wa kwanza ni wa manispaa. Manispaa ndiyo yenye kisima, na ndiyo yenye mpango wa matumizi ya ardhi na madaraka ya kutunga sheria ndogo. Mtu angedhani kazi imekwisha hapo: andika sheria ndogo, chora ramani, kataza samadi ndani ya mstari. Lakini mwaka 1998 bunge la jimbo lilikuwa limepitisha sheria ya kulinda uzalishaji wa kilimo, na moja ya vipengele vyake ni kwamba sheria ndogo za manispaa hazimzuii mkulima kufanya kilicho desturi ya kawaida ya kilimo. Sheria hiyo haikutungwa kwa ubaya. Watu wa mjini walikuwa wanahamia mashambani, wakifika wanalalamikia harufu, vumbi na trekta la alfajiri, na wakulima walichoka kuburutwa kwenye mabaraza kwa kosa la kulima. Bunge likawakinga. Tatizo ni kwamba kinga ile haikutofautisha harufu na bakteria. Kutandaza samadi shambani majira ya kuchipua ni desturi ya kawaida ya kilimo, hakuna ubishi. Na iwe juu ya udongo wa mita 30 au juu ya mwamba uliopasuka, neno la sheria ni lilelile.

Mlango wa pili, Wizara ya Mazingira. Hapa walikuwa na mamlaka juu ya kisima: kibali chake, dawa yake, sampuli zake. Kibali kilizungumza na mwenye kisima. Hakikuwa na namna ya kuzungumza na jirani wa mwenye kisima. Angalau kingeweza kumlazimisha mwenye kisima akamfuate jirani, kwa kuweka sharti kwamba kibali hiki kinatumika maadamu ardhi fulani iko chini ya udhibiti wako. Hakikuweka.

Mlango wa tatu ni wa kilimo. Kule kulikuwa na miongozo: usitandaze samadi wakati ardhi imeganda, usitandaze karibu na mto, pima mbolea ulingane na mazao. Miongozo mizuri, ya hiari, na iliyotungwa kwa kutazama maji yanayoonekana. Mto unauona, ukifika ukingoni unasimamisha trekta. Nyufa zilizo mita 3 chini ya miguu yako huzioni, na mwongozo haukukupa ramani yake.

Milango mitatu, na hakuna uliofungwa kwa makusudi. Kila ofisi ilifanya kazi yake mpaka kwenye mpaka wake, na kisima kilikaa kwenye mpaka.

Tuseme mji ungetunga kanuni

Tuseme mwaka 1978 mji wa Walkerton ungeamua kuufuata ushauri. Kanuni ingesemaje? Hili linastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu ni rahisi kusema wangelinda eneo, na ni vigumu kuandika maneno yenyewe.

Njia rahisi ni duara. Chukua kamba, funga kisimani, zungusha mita 100, sema ndani ya duara hili hakuna samadi, hakuna choo cha shimo, hakuna ghala la mafuta. Duara lina sifa moja kubwa: linaeleweka. Mkulima anaweza kulipima kwa hatua zake na hakimu anaweza kulisoma. Lakini maji ya ardhini hayatembei kwa duara. Yanatoka upande fulani na kuelekea upande fulani, na nusu ya duara mara nyingi inalinda ardhi isiyo na hatari yoyote, huku hatari ikiingia kutoka nje ya mstari kwa upande wa pili. Ndiyo maana nilisema yule mtaalamu kutaja kusini na magharibi halikuwa jambo dogo. Alikuwa tayari amevuka hatua ya duara. Alijua maji yanatokea wapi.

Kisha kuna swali la nini kikatazwe. Kukataza kilimo chote ni kumnyang'anya mtu shamba bila kulinunua, na hapo mji ungestahili kupelekwa mahakamani. Kukataza samadi tu, na kuruhusu mbolea ya dukani, kungepunguza bakteria lakini kungeacha nitrati, ambayo nayo hushuka na maji ya mvua. Kuruhusu samadi miezi ya kiangazi peke yake kungesaidia, ila samadi inayokaa juu ya ardhi wiki mbili kabla ya mvua kubwa ndiyo iliyoleta maafa, na hakuna kalenda inayojua mvua kubwa itanyesha lini. Kwenye mwamba wa namna ile, kwa maoni yangu, hapakuwa na kanuni ya katikati iliyofaa. Ama mji ununue ile ardhi, ama utafute kisima kingine. Mtaalamu alitaja njia ya kwanza. Ya pili ndiyo ambayo watu husahau kuihesabu kama uamuzi wa ardhi, ilhali kuchagua pa kuchimba ndiko kunakoamua shamba la nani litageuka bomba la mji.

Bei ya kukosa uamuzi huo imehesabiwa. Uchambuzi wa kiuchumi uliofanywa kwa ajili ya tume uliweka gharama zinazoshikika, za matibabu, mali, biashara na matengenezo ya mfumo, kuwa zaidi ya dola za Kanada milioni 64, bila kuthaminisha maisha na mateso. Vipande viwili vya malisho, kusini na magharibi, visingefika huko.

Hapa lazima nijipinge mwenyewe kidogo, maana msomaji makini keshaliona pengo. Tume ilisema pia kwamba kama Kisima Namba 5 kingekuwa na vifaa vya kupima klorini na ukungu mfululizo, mlipuko usingetokea kabisa: kifaa kingeona klorini inamezwa na uchafu, kingepiga kengele na kuzima pampu. Na kama mafundi wangepima kila siku kwa mkono, wagonjwa wangepungua sana. Basi ardhi ya nini? Kifaa cha bei ya kawaida kingeokoa watu wote wale.

Ni kweli, na sibishi. Lakini kifaa hukamata kosa mara moja, na siku kikikosa umeme au kikipuuzwa, kosa linapita. Klorini nayo ina mipaka yake. Kuna vimelea, kama Cryptosporidium, ambao klorini ya kawaida haiwashughulishi hata kidogo, na ng'ombe wanao. Tume yenyewe, katika sehemu ya pili ya taarifa iliyotoka Mei 2002, ilijenga hoja yake juu ya vizuizi vingi vinavyofuatana: chanzo, tiba, mabomba, vipimo, na mpango wa dharura, kila kimoja kikidhania kwamba kingine kinaweza kushindwa. Walkerton vizuizi vyote vya chini vilianguka kwa wiki moja. Kizuizi cha juu, ardhi, hakikuanguka. Hakikuwahi kujengwa.

Ontario ilichofanya baadaye

Kati ya mapendekezo 121 ya tume, 22 yalihusu kulinda vyanzo. Ilichukua miaka minne kuyageuza kuwa Sheria ya Maji Safi ya mwaka 2006, na hapo ndipo ule mpaka baina ya ofisi ulipoanza kushonwa.

Sheria inataka kila kisima cha mji kichorewe maeneo ya hifadhi, na maeneo hayo yanahesabiwa kwa wakati. Eneo la A ni duara la mita 100, kwa sababu karibu na mdomo wa kisima mtu hataki kubahatisha. Eneo la B ni ardhi ambayo tone la maji likianzia hapo litafika kisimani ndani ya miaka 2. Eneo la C ni miaka 5. Eneo la D ni miaka 25. Kwa visima vinavyopokea maji ya juu, kama kilivyokuwa Kisima Namba 5, kuna eneo la ziada, E, linalofuata mito na mifereji. Ramani ikishachorwa, kila kipande hupewa alama ya udhaifu, yaani jinsi uchafu unavyoweza kupita hapo kwa urahisi, na alama ya juu kabisa ni 10.

Kinachonivutia ni kwamba kanuni haiogopi kila kitu kila mahali. Samadi na vyoo vinahesabiwa kuwa tishio kubwa karibu na kisima tu, ndani ya yale maeneo ya A na B, na E pale lilipo, kwa sababu bakteria hawaishi miaka 5 chini ya ardhi. Lakini vimumunyisho vizito kuliko maji, vile vya kusafishia vyuma na nguo, vinahesabiwa mpaka eneo la C hata pale udhaifu wa ardhi ukiwa mdogo. Hivyo havifi. Vinazama hadi chini ya tabaka la maji, vinakaa huko na kuyeyuka kidogo kidogo kwa miaka mingi. Dobi wa nguo za kufua kwa dawa aliye mbali anaweza kuwa tishio kuliko zizi lililo mbali vilevile, na sheria imelijua hilo.

Vifungu vitatu ndivyo vyenye meno. Cha 57 kinakataza shughuli moja kwa moja. Cha 58 kinamtaka mwenye ardhi akubaliane na ofisa wa kudhibiti hatari juu ya mpango: samadi itahifadhiwa wapi, itatandazwa lini na kiasi gani, nani atakagua. Cha 59 ndicho ninachokipenda, ingawa hakisifiwi popote. Kinasema kwamba mtu akileta ombi la kujenga au kubadili matumizi ya ardhi ndani ya eneo lililotajwa, ofisi ya vibali haiwezi kuendelea mpaka ofisa wa kudhibiti hatari atoe hati yake. Ni kizuizi cha dirishani, cha karatasi, kisicho na mbwembwe. Ila ndicho kinachozifanya zile ofisi mbili zisalimiane kila siku, hata kama hakuna anayekumbuka Mei 2000.

Na wakulima? Kamati zinazotunga mipango ziligawanywa theluthi: theluthi manispaa, theluthi wenye kilimo, viwanda na biashara, theluthi umma na makundi mengine. Wakulima waliingia na swali moja la msingi, nalo ni la haki: kama shamba langu linalinda maji ya watu 4,800, kwa nini gharama nibebe peke yangu? Jimbo liliweka mfuko wa kuwasaidia wenye ardhi walio karibu na visima kurekebisha mabirika ya samadi, kuziba visima vilivyotelekezwa na kukarabati mashimo ya maji taka. Visima vilivyotelekezwa havitajwi sana, lakini ni hatari ya peke yake: tundu lililo wazi hadi kwenye maji, bila chujio lolote. Mahali pengi, kuliziba ni kazi ya asubuhi moja.

Mipango hii ina udhaifu wake. Ramani za miaka 2 na miaka 5 hutoka kwenye kielelezo cha kompyuta, na vielelezo vingi hufanya kazi kana kwamba ardhi ni sponji iliyo sawa kila upande. Mchangani inakaribia ukweli. Kwenye nyufa, mstari uliochorwa kwa rangi nzuri unaweza kumpa mtu imani isiyostahili, na tone halitausoma. Ofisa mzuri wa kudhibiti hatari anajua hilo na huongeza tahadhari kwenye mwamba. Ofisa wa kawaida hufuata rangi.

Kisima Namba 5 kiliondolewa kwenye mfumo wa mji kisirudishwe. Barabarani katika jimbo zima sasa kuna vibao vinavyomwambia dereva kwamba anaingia eneo la hifadhi ya maji ya kunywa. Vibao hivyo ni kwa ajili ya visima vya miji. Familia inayoishi nje ya mji na kunywa maji ya kisima chake yenyewe, juu ya mwamba uleule, kwa kawaida haina eneo A wala B, haina ofisa, haina kibao. Inayo kanuni ya jimbo ya uchimbaji wa visima, inayosema kisima kipya kikae mita 15 kutoka kwenye chanzo cha uchafu kama kesingi yake imeshuka angalau mita 6, na mita 30 kama haikufika hapo. Umbali huo unamfunga anayechimba. Kesingi ya Kisima Namba 5 ilishuka mita 5, na samadi ilifika kwa nyufa.